Waliobaki Ndio Wagumu

Marehemu alikuwa amejikunja nyuma ya mlango wa chumba cha baridi cha kituo cha mbegu, kucha zimechanika, nyusi zimeganda barafu. Inspekta alichuchumaa, akakitazama kitasa cha ndani. Kilikuwa kimekatika.

"Kimekatika lini?"

"Zamani, afande," alijibu mama mtunza mbegu, macho yamemvimba kwa kulia. "Tumelalamika mpaka midomo imekauka. Tukajiwekea kanuni: mmoja akiingia, mwenzake anashika mlango. Hata marehemu, bosi wetu, alikuwa haingii peke yake."

"Basi yupo aliyemshikia."

"Yupo. Akauachia."

Alama za vidole hazikusaidia. Mlango ulishikwa na kituo kizima.

"Kimeibwa nini?"

Mama akaonyesha rafu tupu. "Mahindi mekundu."

"Mtu anauawa kwa mahindi?"

"Si ya sokoni hayo. Yaliletwa kutoka nchi ya baridi. Hapa yalirefuka kama milingoti, jua likayakausha kabla ya kutoa maua. Machache yakawahi. Bosi akapanda mbegu za hayo machache tu, bila maji, bila mbolea. Kila msimu dhaifu yanakufa, yanayobaki yanazaa. Sasa vinasaba vyake ni vingine: mafupi, yanakomaa upesi, yanastahimili ukame. Hayapo popote ila kwenye rafu hii."

"Aliyapanda wapi?"

"Shambani kwa kaka yake. Baba mmoja, mama mmoja."

Shamba lile lilikuwa limepasuka nyufa za kuingia mguu. "Afande," koplo alinong'ona, "hapa hata magugu yamehama."

Kaka mtu aliwakaribisha uani. Mkewe, mimba imemlemea, alileta kigoda.

"Pole na msiba. Jana ulifika kituoni?"

"Sijakanyaga huko tangu mavuno."

"Mavuno ulipeleka wapi?"

"Kwa mdogo wangu. Yote. Hata punje hakutuachia."

Koplo akakohoa kutoka jikoni. Juu ya mafiga, katikati ya moshi, mfuko ulining'inia mahali ambapo fukusi hafiki. Inspekta akatia mkono. Punje nyekundu.

"Mwizi angeuza," alisema taratibu. "Mwenye chuki angechoma. Ni mkulima tu atakayeua mtu kisha akaitunza mbegu yake isiharibike. Sema, mzee."

Kaka mtu alikigeukia kisima chake pembeni mwa ua.

"Nilikwenda kuomba debe moja la mbegu. Nipande kando ya kisima, nimwagilie, mke wangu ajifungue kuna chakula ndani."

"Akakataa?"

"Akanipa mfuko wote wa rafu ile, ila nipande bila maji. Anapanga rafu, kanipa mgongo, mimi nimeshika mlango. 'Bado msimu mmoja, kaka. Ukimwagilia, dhaifu yatapona, yatachafua mbegu.'"

"Kwa hilo ukamfungia ndugu yako?"

"Kwa hilo? Hilo nimelizoea!" Sauti ilimpanda. "Mwaka ule wa ukame alinikataza vilevile. Mimi mwenye kisima, natazama mahindi yanakufa! Msomi wa ukoo, nani ambishie? Binti yangu wa mwisho akaisha kwa njaa, afande. Akaisha kama mshumaa. Makaburini mdogo wangu akanishika bega: 'Jikaze. Waliobaki ndio wagumu.'"

Mkewe akageuza uso.

"Jana nikamkumbusha mtoto yule. Hata hakugeuka. Akasema, 'Kwani waliobaki si wameshazoea?' Nikauachia mlango."

"Alipiga kelele?"

"Aliniita kaka. Nikachukua mfuko, nikaenda zangu."

Koplo akamfunga pingu, kisha akaufunga mfuko kwa lakiri. Mkewe akasimama mbele ya gari, mkono tumboni, wingu zito limetanda nyuma yake.

"Afande, mvua hiyo. Tutapanda nini?"

"Hiki ni kielelezo, mama. Lazima kifike mahakamani."

"Kesi ikiisha?"

Inspekta aliijua stoo ya vielelezo: joto la mabati, panya, na kesi zinazozeeka kuliko mahakimu wake. Mbegu yoyote ingefia humo.

"Mtarudishiwa," alisema, bila kumtazama, akafunga mlango wa gari.