Aliyepimwa

Walikuwa wameshafika getini Kidoti alipokumbuka sweta.

"Baba, nimeliacha kule ndani. Kwenye kile chumba cha baridi."

Fundi alishusha pumzi. Nyayo zake zilikuwa zinawaka moto. Tangu asubuhi walikuwa wakizunguka kwenye jengo lile la kale, lilelile ambalo picha yake aliizoea kwenye kalenda tangu akiwa shule ya msingi. Sasa jua lilikuwa linazama nyuma ya nguzo, wageni wote wametoka, na mlinzi ameshika mnyororo wa geti mkononi. Lakini sweta lile alilifuma mkewe. Mkewe alikuwa nesi huku ugenini, mwaka wa pili sasa, na hii ndiyo siku moja ya mapumziko aliyopewa. Fundi na binti yao wa miaka saba walikuwa wamevuka mipaka miwili kuja kumwona. Hakutaka siku iingie doa kwa ajili ya sweta.

"Mama Kidoti, hebu mwambie huyu mlinzi. Mimi lugha yao hata salamu inanishinda."

Mkewe aliongea na mlinzi. Mlinzi akatazama jua, akamtazama mtoto, akasitasita. Mwishowe akaonyesha vidole kumi.

"Dakika kumi," mkewe akatafsiri. "Na anasema msiongee na mtu huko ndani."

"Niongee na nani, na mimi hapa ni bubu?"

Wakacheka. Mlinzi hakucheka.

Fundi alimshika Kidoti mkono, wakarudi. Mchana ule ujia ulikuwa umejaa watu na makelele. Sasa nyayo zao peke yake ndizo zilizojibizana na kuta. Walipokata kona ya pili, Fundi alipunguza mwendo.

Chokaa.

Alikuwa mwashi kwa miaka kumi na minane. Pua yake isingemdanganya. Ilikuwa harufu ya chokaa mbichi, iliyochanganywa sasa hivi. Ukuta uliojengwa kabla ya babu wa babu yake hauwezi kunuka hivyo.

Kisha akasikia.

Kwaru... kwaru... kwaru...

Mwiko juu ya jiwe.

"Wanakarabati," alimnong'oneza binti yake, ingawa mtoto hakuuliza kitu.

Kwenye chumba cha baridi, sweta lilikuwa juu ya jiwe. Limekunjwa vizuri, mikono ndani. Pembeni yake mtu alikuwa amechuchumaa akiwapa mgongo, kichwa na mabega vyeupe kwa vumbi.

"Fundi mwenzangu," alisema bila kugeuka. "Nishikie uzi hapo."

Fundi akaushika. Ni mazoea ya kazi: mwenzako akikwambia shika, unashika kwanza, maswali baadaye. Mtu yule akainuka, akamwendea Kidoti, akashusha ncha ya pili kutoka utosini mpaka kisiginoni, taratibu, kama mshonaji anayempima bibi harusi. Akapiga fundo.

"Anatosha," alisema.

"Anatosha nini?"

"Upande huu umepungua."

Ndipo Fundi alipouona ukuta. Kulikuwa na nafasi iliyoachwa wazi katikati ya mawe, nyembamba, imesimama kama mlango wa kabati. Kimo chake kilikuwa cha mtoto. Kushoto kwake kulikuwa na nafasi nyingine iliyozibwa. Kulia nyingine. Na nyingine... Nyingi zilikuwa fupi.

Na hapo ndipo lilipomwingia jambo la pili.

Mtu huyu alikuwa anaongea lugha ya kwao Fundi. Tena kwa lafudhi ya mtaani kwao.

"Nipe huo uzi," Fundi alisema.

"Siwezi kurudi nao mtupu, bila kipimo."

"Huyu ni mtoto!"

"Naona."

Kidoti alikuwa amejibanza kwenye paja la baba yake. "Baba, twende. Baba, uzi ule ni wa baridi."

Fundi angeweza kukimbia. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini hakukimbia. Lakini yeye ni mwashi. Alijua kwamba kazi huanza kwenye kipimo, na kipimo cha binti yake kilikuwa kimebaki kwenye vidole vya yule mtu.

"Fungua hilo fundo," alisema. "Nipime mimi."

Mtu yule akamkagua kuanzia chini hadi juu.

"Wewe mrefu. Itabidi nivunje juu."

"Vunja."

Fundo dogo likafunguliwa. Uzi ukapita utosini kwa Fundi, shingoni, mgongoni, ukashuka hadi kisiginoni, na kila ulipogusa pakafa ganzi.

Hakukumbuka walitokaje. Alikumbuka mkewe akimpangusa mabega pale getini.

"Baba Kidoti, chokaa yote hii umeitoa wapi?"

Mlinzi alisogea. Akauliza neno moja, kwa sauti ya chini. Mkewe akakunja uso.

"Sijamwelewa vizuri. Anauliza... aliyepimwa kati yenu ni nani?"

Kidoti akaanza kulia.

"Mimi," Fundi alisema.

Mlinzi hakuhitaji tafsiri. Alivua kofia, akaishika kifuani, akafunga geti.

* * *

Fundi na Kidoti walirudi nyumbani, kwa shangazi mtu waliyekuwa wakiishi naye. Mkewe alipoambiwa yote, hakumcheka. Kila siku yake ya mapumziko alikwenda kwenye lile jengo, akasimama mbele ya ule ukuta, akapiga simu.

"Nafasi imekuwa ndefu," alisema mara ya kwanza. "Na kuna mawe mapya chini. Yamefika magotini."

Wiki ile miguu ya Fundi ilikuwa ya baridi mpaka magotini. Alikandwa kwa maji ya moto, akavaa soksi mbilimbili, wapi!

Mwezi uliofuata ukuta ulifika kiunoni. Kisha kifuani.

Kisha ukasimama. Wiki tatu, hata jiwe moja halikuongezwa.

"Amekuachia!" mkewe alisema kwa furaha, analia na kucheka. "Mume wangu, amekuachia!"

Fundi alikuwa amejenga kuta nyingi mno. Ukuta ukifika kifuani ukasimama, na mawe yapo, na chokaa ipo, basi fundi anasubiri kitu kiingie kabla hajaziba.

"Muulize mlinzi," alisema. "Wale wengine waliingizwaje?"

"Nilishamuuliza," mkewe alinong'ona. "Anasema hakuna aliyeburutwa. Walikuja wenyewe."

Jioni ile Fundi alifunga mlango wa mbele kwa funguo, akaukagua mara mbili, akamwita Kidoti chumbani. Akamchuchumalia, ingawa magoti yalikuwa mazito kama mifuko ya saruji. Akamtia ufunguo kiganjani.

"Mwanangu, nisikilize. Uufiche huu, nisijue ulipo. Hata nikikubembeleza. Hata nikilia. Usinipe. Umesikia?"

Kidoti hakufunga kiganja. Alikuwa anamtazama usoni.

"Baba..."

"Nini?"

"Jana uliniambia hivyohivyo. Na juzi. Halafu asubuhi nakuta mlango uko wazi, na wewe umekaa barabarani, umevaa viatu."