Nta Mbili na Pua Moja

Katika mambo ya mapenzi hakuna anayemfikia msimulizi wa hadithi hii. Ushahidi ni kwamba ameachika mara mbili, na mara zote mbili yeye ndiye alikuwa mtu wa mwisho kupata habari. Kwa hiyo tegeni masikio.

Siku hiyo duka la nta lilijaa pomoni. Watu walisimama bega kwa bega, kila mmoja na ndoo yake, na kila mmoja ana haraka isipokuwa mwenye mizani. Wateja walimwita Taratibu. Alikuwa mrefu, mikono ya shati jeupe kaikunja mpaka kwenye viwiko, na alipima nta kama mtu anayelaza mtoto msumbufu.

"Kaka, nipimie nta ya parafini," alisema binti wa gauni la njano, kitambaa cha kichwa kikianza kumlegea. Kwao walimwita Utambi, kwa kuwa alikuwa mwembamba na mwepesi kushika moto.

"Ya kutengenezea nini, dada?"

"Vishumaa vya kuweka kwenye vikombe vya kioo. Na vibonge vya manukato, vile visivyo na utambi, vya kuyeyushia kwenye kisahani."

"Hapo ni nta mbili."

"Mimi nina sufuria moja."

"Sufuria moja inapika chai na maharage, ila si kwa pamoja."

Mzee aliyekuwa nyuma akakohoa. Taratibu alijifanya hakusikia. Alimwekea Utambi kipande cheupe kiganjani. "Hii ngumu ikipoa inanywea kidogo, inatoka kwenye kalibu unamoimiminia bila ugomvi. Ndiyo ya vishumaa. Hii nyingine ya soya, iguse, laini kama siagi. Inayeyuka mapema na inashika manukato vizuri. Ndiyo ya vibonge. Ukizibadilisha, kishumaa kitang'ang'ania kalibu kama mpangaji asiyetaka kuhama."

"Na nta ya nyuki?"

"Ina harufu yake yenyewe. Ukiitia asumini, zitabishana."

"Kama wewe."

"Mimi sibishani, dada. Mimi napima."

Akaandika namba yake ya simu kwenye mfuko. Alisema nta ikimsumbua, apige. Nta haikumsumbua, akapiga vilevile. Simu ya kwanza ilizaa ya pili, na haukupita muda wakawa wanaulizana mambo ambayo hayana nta ndani yake.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula."

"Nta imepoa?"

"Nta imepoa. Mimi ndio bado."

Lakini raha ya Utambi ilikuwa na mwiba. Alikuwa ameacha kazi ya cherehani, amepanga chumba, na oda yake ya kwanza kubwa ilitoka kwa mama mmoja mwenye nyumba ya wageni: vishumaa vya mezani, na vibonge vya kila chumba. Mama huyo angekuja Jumamosi kunusa kwa pua yake. Akiridhika, kazi ingekuwa ya kila mwezi. Asiporidhika, Utambi angerudi kwa kaka yake, alale kwenye kochi, na kila asubuhi wifi yake amkumbushe kwamba aliambiwa.

Akafunga madirisha kwa kuogopa vumbi, akayeyusha, akamimina. Vishumaa vikatoka kwenye kalibu vikiteleza. Vibonge navyo, siku ya kwanza chumba kizima kilikuwa asumini. Siku ya pili harufu ikafifia. Ijumaa akanusa, akanusa tena, mpaka nta ikamgusa ncha ya pua. Hakuna kitu. Mwanamume aliyemtangulia Taratibu alikuwa na maneno matamu kuliko ya huyu, na aliondoka na redio ya Utambi. Akapiga simu.

"Nta yako imekula manukato yangu."

"Soya haili, roho yangu. Inashika."

"Basi imeyashika mpaka hayatoki. Umenipimia masalio."

"Nilifungua gunia jipya mbele yako."

"Mbele yangu ulikuwepo wewe, gunia nani aliliangalia? Ndiyo hila yenyewe hiyo."

"Ngoja nije ninuse."

"Usikanyage kwangu."

Akakata. Simu ilipolia tena, aliiacha izunguke mezani kama mende aliyelala chali.

Jumamosi asubuhi alikuja shangazi yake, na chafya zake zilimtangulia ngazini.

"We mtoto, umemficha bibi harusi humu? Fungua madirisha kabla sijazimia."

"Shangazi, kwani unasikia harufu?"

"Nimeanza kuisikia huko chini kwa fundi viatu."

"Mbona mimi siisikii?"

"Pua ikikaa sana na kitu, inakisahau. Marehemu mume wangu alivuta tumbaku maisha yake yote, akafa akiapa kwamba nyumba yetu ilikuwa na hewa ya mlimani."

Utambi akakaa kitini kama gunia lililokatwa kamba. Mama mwenye nyumba ya wageni alipofika, alivuta pumzi pale mlangoni, akafumba macho, na akaongeza oda kabla hajakaribishwa kiti. Furaha haikuja. Hofu ya oda iliondoka, ikamwachia nafasi hofu nyingine, kubwa kuliko ile.

"Nenda ukamwombe radhi," Shangazi alisema alipokwisha kusimuliwa ule ugomvi na Taratibu.

"Ataniona mjinga."

"Ameshakuona. Kilichobaki ni kumpa nafasi ya kukusamehe. Ila oga kwanza."

Hakuoga. Alitupia gauni la njano akatoka mbio kwenda dukani. Alipoliona shati jeupe katikati ya wateja, akajibanza nyuma ya rundo la ndoo pale mlangoni, akapiga simu.

"Haloo." Hakuongeza laazizi.

"Ni mimi. Niko nyumbani, nimelala. Kichwa kinaniuma."

"Pole."

"Nilitaka kukwambia, vile vibonge vimeanza kunukia."

"Vimeanza?"

"Vyenyewe tu. Nadhani nta yako ilikuwa na aibu. Kwa hiyo nimekusamehe."

Mizani ikanyamaza. Mteja mmoja aligeuza shingo akinusanusa hewa. Mzee wa siku ile akapiga chafya.

"Hapo ulipolala," Taratibu aliuliza, "kuna ndoo?"

"Ndoo za nini?"

"Nauliza tu. Asumini imenijaa dukani, na mimi siuzi manukato, nauza nta tupu."

Utambi akajinusa mkono. Hakusikia kitu. "Labda ni mtu mwingine."

"Labda," sauti ikamjibu, safari hii si ndani ya simu bali juu ya ndoo. "Basi huyo mgonjwa wa nyumbani mwambie apumzike, nani kamsamehe nani tutapima baadaye. Huyu wa gauni la njano nataka kumuuliza kama atakubali nimpeleke kwetu, nimwambie mama kwamba nimepata mke."

Utambi hakushusha simu sikioni.

"Nimelala," akasema, "ila twende."