Video Namba Kumi na Mbili

Sikilizeni, enyi watu wa Masisi na wa Walikale, mliomaliza shule na mliotoroka! Linatangazwa hapa penzi kuu lililotikisa milima tangu Karuba hadi Kibua.

Kusema kweli, halikutikisa mlima hata mmoja. Lilianza kwa mtu kukanyaga jibini.

Ilikuwa siku ya soko pale Sake, njia panda, ambapo pikipiki za Goma, za Masisi na za Minova hupigiana honi kama zinatukanana. Emérita wa Karuba alikuwa amepanga jibini zake juu ya majani ya mgomba, mwenyewe kavaa kitenge cha njano, shingo imenyooka. Kijana mmoja akaja kinyumenyume, jicho lake kwenye kamera ndogo ya video, ya mtumba, ukubwa wa kipande cha sabuni. Alikuwa anaijaribu kabla ya kuinunua. Kamera ilishindwa kupanua picha, basi alirudi nyuma yeye. Akarudi, akarudi, pwaa!

"Weye! Macho yako iko kwenye mugongo?"

"Pole, Mama."

"Mama yako iko kwenu! Ondoa muguu ndani ya fromage yangu!"

"Naondoa, dada. Lakini geuka kidogo kwenye mwangaza. Ukikasirika unatoka muzuri sana."

Jina lake Darius, mzaliwa wa Kibua, fundi wa simu hapo Sake. Alinunua kamera, akanunua jibini iliyokanyagwa, na kila siku ya soko akarudi kununua nyingine, ingawa jibini humuumiza tumbo.

Miezi mitano baadaye, siku ya watu wake kwenda Karuba kumposa Emérita ikapangwa: Jumamosi. Wiki mbili kabla, Darius akampa ile kamera.

"Chérie, ijaribu kwenu. Haiko ya kufilme ndoa ya bakubwa, iko ya nyumbani tu: Mama anapika, mutoto anaanguka, ngombe anapita. Mama yangu muguu yake haiwezi ile barabara ya Kibua. Nataka aone nyumba yenye nitaoa. Kamera ikiwa muzuri, tunabakia nayo. Ikiwa mubaya, naiuzisha."

"Na kama miye njo niko mubaya kwenye kamera?"

"Weye sikuuzishe, bébé."

Emérita akaichukua kazi kama mtihani wa serikali. Alisaidiwa na mdogo wake Naomie, aliyekuwa likizoni kutoka internat, shule ya bweni, msichana mpole, mcha Mungu, mwenye akili nyingi na, watu wote wanakubali, mrembo. Siku ya tatu Emérita akapanda juu ya zizi, mahali pekee panapokamata réseau, mtandao wa simu, akampa Darius ripoti.

"Batri: saa moja na dakika kumi, inakufa. Upepo inakula maneno yote. Ndani ya jiko, Mama anaonekana meno tu. Lakini kwa mulango, muchana, karibu karibu, iko muzuri. Hata machozi ya vitunguu inaonekana."

"Basi mufilme kwa mulango, mon amour."

Jumapili wakafilmu mlangoni. Mama yao ana desturi yake: tangu siku mjumbe wa mchumba wa binamu yao Colette aliposahau jina la bwana harusi, hapokei wageni wa posa bila mazoezi. Akamsimamisha kila mtu mbele ya kamera na kumgawia kazi. Binamu yao Damascène alipewa kazi ya kuwa Darius. Akakaa kwenye kiti kikubwa, Emérita akampelekea kibuyu cha kasiksi, pombe ya ndizi, kwa mikono miwili, bibi wote wakapiga vigelegele. Kadi ya kamera ikashuka Sake na mtu wa pikipiki.

Jumatatu, juu ya zizi, simu ikalia.

"Yule mwanaume iko nani?"

"Yupi?"

"Yenye unapa kasiksi na mikono mbili! Yenye bamama banapigia kelele!"

Emérita alicheka kwanza. Halafu akaacha kucheka.

"Darius, umeangalia video zote?"

"Zote! Mara tatu!"

Basi amemsikia Mama akieleza, alifikiri Emérita, na bado anapiga kelele. Damu ikampanda.

"Kama hautaki kuja Jumamosi, sema. Usitafute sababu ndani ya kamera ya mutumba!"

"Miye njo natafuta sababu? Weye muongo!"

Darius akakata simu. Siku nne hakuna aliyempigia mwenzake. Emérita alikamua ng'ombe kwa hasira hadi ng'ombe wakamwogopa. Kuku wa Jumamosi walikuwa wamekwisha fungwa miguu, na hakuna aliyejua kama watachinjwa.

Ijumaa akavaa kile kitenge cha njano, akapanda pikipiki na mdogo wake, akashuka Sake. Aliingia kwenye kibanda cha Darius bila kusalimu, akaiweka kamera mezani, tap!

"Chukua kitu yako."

"Na weye chukua maneno yako!" Darius akafungua daftari. Yeye ni fundi. Kila video aliiandika. "Namba kumi: Mama yako anachambua maharagi. Kumi na moja: ngombe, upepo mingi. Kumi na tatu: weye na bwana yako! Kumi na..."

Kidole chake kikasimama.

"Kumi na mbili iko wapi?"

"Unaniuliza miye? Kumi na mbili njo yenye Mama anaeleza! 'Damascène, leo weye njo Darius. Kaa vile Darius atakaa.'"

Darius akainua macho kutoka kwenye daftari.

"Yule... njo miye?"

"Njo weye. Na alikuwa Darius muzuri kukupita! Alikunywa, akasema asante, hakuniita muongo."

"Pardon, chérie. Hasira ilinikataza hata kuhesabu."

"Bado nimekasirika. Kesho utakuja, utakaa kwenye ile kiti, na nitakupa kasiksi na mukono moja!"

"Hata na muguu, nitapokea."

Emérita akauma mdomo asicheke. Darius akaigeuza ile kamera.

"Lakini hii kitu haifute yenyewe. Inauliza mara mbili: una hakika? Una hakika kabisa?"

Wote wawili wakageuka polepole. Kwenye kona, mdogo mtu alikuwa anasoma kwa makini sana maandishi ya boksi la chaja.

Hapa msimulizi, kwa heshima na taadhima, angependa kuwatakia wasomaji usiku mwe...

"Naomie!"

Sawa. Naomie ni mimi. Na hilo la urembo niliandika mwenyewe.

Nilitaka tu kuona wakubwa watakasirika dakika ngapi. Nilidhani itachukua jioni moja. Lakini usiku wa Jumatatu nilimkuta dada yangu analia jikoni, kwenye giza isiloliweza ile kamera, nikaogopa, nikanyamaza siku nne. Hiyo ndiyo sehemu isiyochekesha.

Jumamosi wakanihukumu kushika kamera posa nzima, bila sahani, mpaka batri ife. Emérita akamletea Darius kasiksi kwa uso wa hasira, na kwa mikono miwili. Nilifilmu karibu karibu, mlangoni, mchana, ili mama wa Kibua aone vizuri. Kuku akapita mbele yangu kwenye sinia, vipande vikipungua.

Nilipoifuta namba kumi na mbili, kamera iliniuliza mara mbili kama nina hakika. Mara zote mbili nilikuwa nayo.