Duara la Chaki kwenye Bomba

Kila siku nikitoka shule nabadili sare, nafagia gereji ya baba, kisha nachukua sumaku ya spika mbovu na kupanga mabomba. Baba yangu, fundi Ezroni, anatengeneza ekzosi, yaani mabomba ya moshi ya magari, hapa Kyela, njia ya Kasumulu. Kazi yangu hata mtoto wa chekechea angeiweza. Sumaku ikinasa, hicho ni chuma cha kawaida, naweka alama ya mkasi kwa chaki. Isiponasa, ni stenlesi, nachora duara. Mvua na matope ya kwetu hayana huruma. Chuma cha kawaida kinaliwa na kutu mapema, stenlesi inadumu.

Sasa, siku moja wenzangu waliniita kucheza rede. Lilibaki bomba moja, jembamba, linang'aa kama sufuria mpya. Hili nalo la kuuliza? Nikachora duara bila kugusisha sumaku, nikakimbia zangu.

Kesho yake baba alilifunga kwenye gari la Nesi Stumai, aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga. Mwenyewe alitaka stenlesi, maana kila siku anakatiza madimbwi kwenda kazini Busale, na mwanawe mdogo, Glory, nyuma.

Mwaka ukapita, mvua zikarudi. Jumatatu moja niliokota nyuma ya gereji kipande kilichobaki cha bomba lile jembamba. Mng'aro ulikuwa umebanduka, ndani kutu tupu. Nikagusisha sumaku. Kap! Ikanasa.

Jamani, Nesi Stumai na Glory! Baba alishaniambia kwamba ekzosi ikitoboka, moshi unaweza kuingia ndani ya gari, na sumu yake hainuki. Mtu anasinzia tu, na anaweza asiamke. Nilikitupa kipande kichakani. Siku mbili sikusema. Kila gari likipita barabarani nilichungulia kama ni la Nesi. Nilimwogopa baba, nikaogopa zaidi kusikia habari za Glory.

Jumatano, mvua inanyesha, Nesi Stumai akasimamisha gari mbele ya gereji, vioo vyote vimefungwa. Alishusha kimoja kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mwambie baba nitapita kesho, gari linanguruma siku hizi. Leo naenda Mbeya. Kichwa kinaniuma wiki nzima, na huyu Glory kila tukipanda gari ni usingizi tu."

Akapandisha kioo. Gari likaanza kusogea.

Sijui miguu ilinipeleka vipi. Nilijikuta mbele ya gari, mikono juu, napiga kelele, "Mama, zima gari! Mtoe Glory!"

"Gwe, wewe Hosiana!" baba alifoka. "Una wazimu?"

"Baba, ekzosi yake si stenlesi! Sikuipima!"

Baba alikimbia. Alifungua mlango, akambeba Glory hadi kwenye hewa. Kichwa chake kililegea begani kwa baba. Nesi alimwita mara moja, mara mbili. Mimi nililia kwa sauti. Mara ya tatu Glory akafumbua macho, akaangua kilio, na sijawahi kufurahia kilio cha mtoto namna ile.

Hospitali waliwapa hewa ya oksijeni, jioni wakaruhusiwa, wakarudi gereji. Baba aliingia chini ya gari, akasukuma bisibisi kwenye bomba, ikazama.

"Hata mimi nimekosa," alimwambia Nesi. "Niliamini chaki. Chuma cha kawaida si kibaya, ukimwambia mteja ukweli na kukikagua mara kwa mara. Kibaya ni kumfungia mtu kitu usichokijua." Akafunga stenlesi, safari hii sumaku niliishika mimi mbele ya Nesi, nikaipitisha mara tatu.

Nilipomweleza Nesi Stumai habari ya kile kipande na kumwomba msamaha, nilikuwa bado natetemeka. Alinishika mabega.

"Ndaga fijo, Hosiana," alinishukuru kwa Kinyakyusa chake cha kujifunza. "Ila ulijua tangu Jumatatu. Siku nyingine usisubiri woga uishe ndipo useme. Njoo ukiwa unatetemeka hivyohivyo."