Du ya Mlimani

Jumamosi ile ya mwisho wa Agosti, foleni ya gari la kamba la kupandia mlimani hapa Innsbruck ilimwagika hadi barabarani. Romana Gstrein, mfamasia, alivaa shati la miraba ya buluu na buti kuukuu zilizomzoea. Mbele yake alisimama mwanamume mrefu, mpole wa uso, miguuni anang'aa.

"Samahani bwana, hizo buti zimetoka dukani leo?"

"Jana, bibi. Na tayari zinanionea."

"Basi kushuka utashuka umezibeba."

Mwanamume akacheka. Alikuwa Elmar Thurner, fundi wa piano, mtu wa Vienna aliyehamia kwetu majira ya kuchipua. Gari lilipowashusha juu alisita kidogo.

"Tumeshapita mita elfu moja. Nikuite nani?"

"Romana. Huku juu hakuna mabibi."

Ndivyo tulivyo. Mjini mtu usiyemzoea unampa Sie, "wewe" ya heshima kwa Kijerumani. Ukivuka mita elfu moja za mwinuko, hata hakimu unamwita du, "wewe" ya ndugu yako.

Walipita misonobari mifupi wakatokea kwenye malisho, na huko maua yalikuwa yamechanua: ya njano, ya zambarau, na mengine buluu iliyokoza hadi Elmar akasimama kuyatazama. Kisigino kikamshinda. Romana akamkalisha kwenye jiwe, akambandika plasta.

"Una mikono laini."

"Ni ya kazini. Usijipe moyo."

Lakini alishampenda, hapohapo, huku ameshika mguu wa mtu asiyemjua. Kwenye kibanda cha wapanda mlima wakala madonge ya mkate katika mchuzi, bakuli moja, vijiko viwili.

Jumatatu Elmar akaingia kwenye duka la dawa la Romana, koti limepigwa pasi. "Habari za asubuhi, Bi. Gstrein. Naomba plasta." Kwa Sie.

Romana moyo ulimshuka. "Hizi hapa, Bwana Thurner." Kwa Sie vilevile, na uso wa kumpokea mkusanya kodi.

Akarudi Jumanne. Akarudi Jumatano. Jioni akapiga simu.

"Bi. Gstrein, hujambo? Nilitaka tu kusikia sauti."

"Umeisikia, bwana. Usiku mwema."

Jamani, watu wenye adabu wanachosha. Romana alilia akiosha vyombo, akajiita mjinga, kupenda mtu wa siku moja. Alhamisi simu ikalia tena.

"Bi. Gstrein, kuna kazi Vienna. Kesho wanataka jibu. Sijui nijibu nini."

"Nenda. Mlimani ulinipa du, huku chini umeninyang'anya. Unanipigia simu ya nini?"

"Nimekunyang'anya mimi? Bibi, huku chini du anaitoa mwanamke. Ningeanza mimi, mama yangu angenikana. Kabati langu limejaa plasta, na kisigino kilipona Jumanne. Nimekuwa nikingoja uitoe."

Romana akakaa kitini polepole. Desturi hiyo aliijua tangu utotoni. Kwa uchungu wake wote hakuikumbuka.

"Nilidhani umenitupa," alisema.

"Nami nilidhani unanikataa kwa heshima."

"Nakupenda, mtu mpumbavu wewe. Uko wapi?"

"Chini ya dirisha lako. Kuna mvua."

Akafungua dirisha. Kweli, Elmar alikuwa pale, koti limelowa, simu sikioni. Romana akaongea bila simu, mtaa mzima usikie.

"Unajua ikitolewa huku chini hairudishwi?"

"Najua."

"Hata tukigombana. Hata tukizeeka."

"Ndiyo maana naitaka."

"Basi du, Elmar. Chukua."

Akaipokea kwa kuvua kofia mvuani.

"Na Vienna?" Romana akauliza.

"Hao," alisema Elmar, "nitawakatalia kwa Sie."