Njia Imezibwa

Waya za kengele ziliibwa zamani zikauzwa vyuma chakavu, lakini saa tisa mchana kengele ya ofisi ya stesheni ililia mara tatu, taratibu: je, njia ni wazi? Binti wa stesheni masta aliacha kufua nepi akakimbilia ndani. Babake alikuwa amestaafu, akaachiwa jengo hilo aishi kwa kuwa hakuna mwingine aliyelitaka. Miaka ishirini hakujapita treni pale, reli zimemezwa na nyasi, lakini mazoea yana taabu. Mzee alikwishagonga mara mbili: njia ni wazi, pita.

"Baba! Umemjibu nani?"

"Stesheni ya juu."

"Stesheni ya juu si ilibomolewa?"

Mzee akautazama mkono wake kama si wake.

Kikaja. Hakikuonekana, ila harufu ya mafuta ya moto na nywele zilizoungua ilijaa vyumba vyote, vikombe vikatetemeka kabatini, na kitu kizito kikaingia kwa mlango wa jukwaani, kikapita katikati ya nyumba, kikafika kwenye kitanda cha mtoto wa binti, kikasimama, kikavuta pumzi ndefu, kisha kikaenda zake. Na tangu hapo yule mtoto wa miezi saba, aliyekuwa akilia mpaka majirani wakachoka, akawa anafungua kinywa tu bila sauti.

Mganga waliyemwita, mama mnene asiyependa maneno mengi, alinusa kizingiti akakunja uso.

"Jini la njia. Mmelikaribisha wenyewe. Likirudi, linamchukua."

"Nikimhamisha je?" binti alinong'ona.

"Limeshamnusa. Dawa zangu hapa hazifui dafu. Likiuliza njia, likatalieni."

Mganga alipoondoka, mzee akatikisa kichwa. "Njia haikataliwi hivi hivi, mwanangu. Ukigonga kwamba imezibwa, lazima relini pawe na kitu. Miaka thelathini na mbili sijadanganya kwa kengele."

"Baba, hili ni jini!"

"Ndiyo. Na litakuja kuhakikisha."

Kesho yake saa tisa, kengele ikalia. Mzee akagonga mara tano: njia imezibwa. Akafunga vifungo vya koti, akashuka jukwaani, akaketi juu ya reli. Binti alimvuta mkono, akamsihi, akamtukana, akamwomba radhi.

"Kamshike mtoto," mzee alisema.

Kwa mbali nyasi zilianza kulala, mkondo mmoja mwembamba ukifuata reli, na upepo haukuwepo hata kidogo. Mkondo ukaja, ukaja, ukasimama hatua mbili mbele ya mzee. Mle ndani mtoto akapiga ukelele. Binti alikimbia kumchukua, akarudi naye huku anacheka na machozi yanamtoka, amwonyeshe babu yake. Mzee alikuwa ameketi wima, macho wazi, hapumui.

Walimzika kesho yake asubuhi. Saa tisa jamaa walikuwa bado wanakunja mikeka kengele ilipolia, mara tatu, taratibu. Mtoto akanyamaza ghafla, kinywa wazi. Binti alichungulia dirishani. Relini hapakuwa na mtu.

Akagonga mara tano. Kisha akambusu mwanawe utosini na kumpa shangazi yake.

"Unakwenda wapi wewe?" shangazi aliuliza.

"Akikua akaniulizia, shangazi, mwambie niko kazini."