Gari Lililoshuka Kimya

Kila jioni, watu wakiwa wanaoga na kuwasha majiko, lori la Mama Trela lilirudi mtaani. Lilisimama mbele ya nyumba yake, lakini halikuzimwa. Liliendelea kunguruma taratibu. Mama Trela mwenyewe alibaki kwenye usukani, anatafuna karanga zake kama mtu aliyeko barazani. Baadaye ndipo alizima na kushuka.

Jirani yake, Kinyozi, alikuwa akisikia mngurumo ule na kukunja uso. Alimwambia mkewe kwamba mama yule ana mafuta ya kuchezea. Mkewe alikuwa mshonaji, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko sindano. Alimjibu kwamba mwenye lori anajua lori lake, na yeye ajue mikasi yake. Moyoni Kinyozi hakukubali. Kwao utotoni, gari lilizimwa hata kabla ya kufika.

Hilo inabidi nilieleze.

Baba yake Kinyozi, marehemu Mzee, alikuwa mpaka rangi wa nyumba. Alikuwa na stesheni wagoni, yale magari marefu ambayo paa limenyooka hadi nyuma. Ngazi ilifungwa juu, madebe ya rangi yalikaa nyuma, na watoto walikaa juu ya madebe. Nyumba yao ilikuwa chini ya kilima. Wakirudi jioni, gari lilipanda kwa kukohoa. Likifika kileleni, Mzee alizima injini. Basi likaserereka lenyewe hadi nyumbani, kimya kabisa, upepo tu madirishani. Mama yao alikaa mbele, mkoba magotini. Watoto walisinzia mmoja mmoja, na Kinyozi alijitahidi awe wa mwisho. Hakuwahi kuona mwisho wa safari. Siku zote aliamka kitandani.

Alipokua alijiambia kwamba Mzee alikuwa anabana mafuta. Sasa alikuwa na mvi juu ya masikio, na bado akisikia harufu ya rangi mbichi alirudi kwenye mteremko ule. Jamani, raha ile haina mfano.

Mzee alipofariki, Mama alihamia kwa Kinyozi, palepale chini ya kilima, akajifungia ndani. Hakwenda sokoni. Hakwenda kwa dada yake. Akialikwa harusi, alituma salamu. Kila alipoambiwa watoke, alisingizia miguu. Miguu gani? Uani alizunguka kutwa nzima, anawafokea kuku.

Siku moja Kinyozi alipita kwenye uwanja wa magari yaliyotumika, akasimama ghafla. Mbele yake kulikuwa na stesheni wagoni, rangi ya maziwa kama lile la Mzee. Hili lilikuwa la kisasa zaidi, na nyuma liliandikwa "turbo". Alipofika, muuzaji alikuwa amekwisha kuliwasha, injini imepata moto. Kinyozi hakushtuka. Hakuomba aliwashe likiwa limepoa, aone kama linatoa moshi. Hakuchomoa kijiti cha kupimia oili. Hakuuliza oili ilibadilishwa lini, wala hakuja na fundi. Alifungua mlango wa nyuma, akakaa pale walipokuwa wakikaa watoto wa zamani, akanunua.

Siku ya kwanza alimbembeleza Mama akaingia. Waliporudi jioni, gari lilipanda kilima kama linavutwa kwa kamba. Kileleni Kinyozi aliweka gia huru, akazima. Gari likashuka kimya.

Mama alishika dashibodi kwa mikono miwili. Kisha akacheka. Kicheko kile nyumba haikuwa imekisikia tangu msiba.

"Umemleta baba yako," alisema.

Tangu siku hiyo Mama alikuwa wa kwanza kuvaa viatu. Sokoni alikwenda, kwa dada yake alikwenda, hata kwa watu asiowapenda alikwenda. Wajukuu walijazana nyuma. Na kila jioni, kileleni, Kinyozi alizima.

Baada ya muda gari likaanza kupiga mluzi mwembamba. Likatoa moshi wa bluu. Oili ikawa inapungua, na chini hakuna tone. Kinyozi aliongeza oili yoyote aliyoikuta dukani, akajipa moyo. Mkewe alimwambia wazi kwamba likiendelea hivi liuzwe kabla halijafa. Kinyozi, akilini, alikuwa anamwona Mama akirudi kufokea kuku.

Kisha siku moja mbuzi alikatiza mbele yao pale mteremkoni. Kinyozi alikanyaga breki, ikashuka kidogo. Akakanyaga tena, ikawa ngumu kama jiwe. Usukani nao ulikuwa mzito. Alivuta breki ya mkono kwa nguvu zake zote, na gari likasimama karibu kabisa na ukuta wa Mama Trela. Wajukuu walilia. Mama alikaa tu, mkoba ameukumbatia.

Mama Trela aliyaona yote kutoka ndani ya lori lake. Alishuka, akamsalimu Mama kwa heshima, akawasaidia watoto kuingia ndani. Kisha akamgeukia Kinyozi.

"Kaka, hili gari huwa unalizima wapi?"

"Kileleni."

"Likiwa limetoka kupanda mlima wote ule?"

Kinyozi akaitika. Mama Trela akatikisa kichwa.

"Sikiliza. Turbo ni kama feni ndogo. Inazungushwa na moshi wa moto unaotoka kwenye injini, ili isukume hewa zaidi ndani. Ndiyo inayokupandisha mlima. Inazunguka kwa kasi sana na inapata moto sana. Kinachoilinda ni oili inayopita ndani yake. Ukizima ghafla, oili inasimama pale pale. Inaungua, inaganda kama mafuta yaliyosahauliwa kwenye kikaango. Turbo inakaukiwa, inalika."

"Kwa hiyo lori lako..."

"Lina turbo. Naliacha lingurume dakika moja au mbili lipoe. Sina mafuta ya kuchezea." Alimtazama kwa kicheko. "Kuta zetu nyembamba, kaka."

Kinyozi aliona aibu hadi masikioni. Mama Trela hakumwacha hapo. Alimweleza kwamba breki na usukani wa gari hili vinasaidiwa na injini. Gari la Mzee halikuwa na mambo hayo. Hili likizimwa mlimani, dereva anabaki na nguvu za miguu yake tu. Asirudie tena.

Kesho yake Mama Trela alimpeleka kwa fundi anayemwamini. Fundi alimwaga oili, ikatoka nzito kama lami. Turbo ilikuwa imeanza kulegea, lakini haijavunjika. Aliitengeneza, akasafisha bomba la kuipelekea oili, akabadilisha filta. Alitia oili ya aina iliyotajwa kwenye kitabu cha gari. Alimwagiza Kinyozi apime oili kila wiki gari likiwa limepoa, aibadilishe kwa wakati, na asikanyage mafuta kwa nguvu mara tu baada ya kuwasha.

Hayo yote yalikuwa rahisi. Jambo gumu lilikuwa Mama. Angemwambiaje kwamba mteremko wao ndio basi?

Jioni ya kwanza baada ya matengenezo walirudi kutoka kwa mama mdogo. Wajukuu walikuwa wamechoka. Kileleni mkono wa Kinyozi ulikwenda kwenye ufunguo kwa mazoea, akaurudisha. Gari likateremka kwa gia, injini inasikika. Mama akamgeukia. Kinyozi akamweleza yote, macho barabarani, maana hakuweza kumtazama.

Walifika mlangoni. Kinyozi hakuzima.

"Inabidi tukae kidogo, Mama. Mpaka ipoe."

Injini ilinguruma polepole. Nyuma watoto walikuwa wamelala, wamelaliana.

"Baba yako naye alikuwa hashuki," Mama alisema.

"Alikuwa hashuki?"

"Mlikuwa mmelala. Alizima kule juu ili msiamke. Tukifika tunakaa humu humu, tunaongea. Ndani mlikuwa hamtupi nafasi, nyie." Alitabasamu. "Humo ndimo alimoniambia anataka urithi brashi zake. Nikamwambia mwache mtoto, huyu anapenda vichwa vya watu."

Kinyozi alicheka. Miaka yote alidhani mzee wake alikuwa anabana mafuta.

Sasa ni mwaka mwingine. Moshi umekwisha, mluzi umekwisha, na oili haipungui hovyo. Mkewe hataji tena kuuza, kwa sababu nyuma ya gari vinaingia vitambaa vyake vyote. Jioni lori na stesheni wagoni hunguruma jirani, na Mama Trela hupitisha karanga dirishani.

Dakika zile zikiisha, Kinyozi huzima. Kimya kile cha zamani kinarudi. Watoto wamelala nyuma, isipokuwa mmoja anayejitahidi awe wa mwisho.

"Usifungue mlango kwanza," Mama humwambia.

Kinyozi hafungui.